Nyumba ya kuuza: usizike mtaji wa duka kwenye marumaru

Wapo wafanyabiashara wengi jijini Dar es Salaam ambao akiba yao kubwa haipo benki wala katika hisa, bali ipo katika nyumba moja ya Tabata, Mbagala au Sinza. Biashara inapoyumba, au ndugu wanapokubaliana kugawana mirathi, nyumba hiyo ndiyo inayopelekwa sokoni. Hapo ushauri huanza kumiminika: weka dari ya jipsamu, badili madirisha uweke ya alumini, tandika vitofali uani. Anayeshauri mara nyingi ni fundi, ambaye analipwa nyumba iuzwe isiuzwe, au ni dalali, ambaye anangoja asilimia yake bila kuchangia hata mfuko mmoja wa saruji.

Maoni ya safu hii ni kwamba sehemu kubwa ya matengenezo hayo hairudishi fedha iliyotumika, na kwamba mwenye mtaji mdogo ndiye anayeumia zaidi.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Nyumba inatazamiwa kupata shilingi milioni 80 ilivyo. Mwenyewe anachomoa milioni 12 kwenye mzunguko wa duka, anabadili sakafu, dari na makabati ya jikoni. Kazi inachukua miezi mitatu, mnunuzi anapatikana baada ya miezi mingine mitatu, na nyumba inakwenda kwa milioni 90. Majirani watasema amepata milioni 10 za ziada. Daftari litasema amepoteza milioni 2 taslimu, na kwamba milioni 12 zimelala nusu mwaka. Kama duka humpa faida ya asilimia 3 kwa mwezi juu ya mtaji, hizo ni shilingi milioni 2.16 nyingine zilizopotea. Dalali naye atakata chake katika bei yote, pamoja na hizo milioni 10 za nyongeza.

Kwa hiyo kila kazi ipimwe kwa swali moja. Mnunuzi akiikuta haijafanyika, atapunguza bei kwa kiasi gani, au ataondoka kabisa?

Lakini kabla ya hilo, muuzaji ajue anauza kitu gani hasa. Kariakoo, Ilala na sehemu za Magomeni, mnunuzi wa siku hizi mara nyingi haangalii nyumba kabisa. Anaangalia kiwanja, upana wa barabara na kama lori la nondo litapita. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati itabomolewa, na mahali pake litasimama ghorofa la maduka na fremu. Hali hiyo imeingia pia Sinza na Kijitonyama, maeneo yaliyopimwa katika mradi wa viwanja vyenye huduma wa miaka ya 1970, hasa kwa nyumba zinazotazama barabara kubwa. Kumwekea marumaru mtu atakayeleta tingatinga ni kumlipia kifusi. Katika maeneo hayo fedha ya matengenezo ingefaa zaidi kumlipa mthamini aliyesajiliwa, ili mwenye nyumba ajue thamani ya ardhi yake kabla hajakaa meza moja na mwekezaji mwenye mwanasheria. Wengine huchagua ubia: wanatoa kiwanja, mwekezaji anajenga, wanagawana fremu na vyumba. Hiyo ni habari ya toleo lingine.

Pale ambapo mnunuzi atakuja kuishi, mambo ni tofauti. Huyu huja na mkewe, na mara ya pili huja na fundi wake. Fundi huyo hatazami jipsamu. Anatazama alama za maji kwenye dari, anafungua bomba kuona kama linatoa, anauliza shimo la choo linajaa baada ya muda gani, anagonga plasta iliyo karibu na sakafu. Katika nyumba nyingi za ukanda wa pwani chumvi hupanda ukutani na kumenya rangi. Wapo wauzaji wanaopaka rangi juu ya chumvi hiyo wiki moja kabla ya kuita wateja. Ni ujanja wa kitoto, kwa sababu rangi mpya upande mmoja tu wa chumba ndiyo inayomwambia fundi pa kugonga. Na mkataba uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kubatilishwa mahakamani, hata kama fedha imekwisha kutumika.

Bati linalovuja, waya zilizochakaa, tangi lililopasuka, deni la maji: haya yana bei ndogo kwa muuzaji na bei kubwa katika fikra za mnunuzi, ambaye akiona doa moja kwenye dari huhesabu paa zima. Yarekebishwe. Rangi ya maji yenye weupe, nyumba nzima, nayo inalipa, pamoja na kufyeka ua na kuondoa magari mabovu. Zaidi ya hapo ni ladha ya mtu, na ladha ya muuzaji si ya mnunuzi. Tumeona jiko la gharama likivunjwa na mwenye nyumba mpya kabla hajahamia.

Matengenezo yanayopuuzwa kuliko yote hayahitaji saruji. Nyumba yenye hati miliki inaweza kununuliwa na mtu anayekopa benki. Nyumba yenye karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa pekee inabaki kwa wenye fedha taslimu, ambao ni wachache na wanajua kwamba ni wachache. Kama eneo limeingia katika urasimishaji na muuzaji ana muda, upimaji na hati vipewe fedha kabla ya marumaru. Asiyeweza kungoja, angalau alipe kodi ya ardhi anayodaiwa na kukusanya stakabadhi zake. Tena, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, na nyumba ya marehemu haiuzwi na mtu ambaye hajateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Wanunuzi wengi wamekwisha kuumwa na nyoka huyo. Wakikosa karatasi, hawabishani bei, hawarudi.

Liko na jambo la kodi ambalo mafundi hawalisemi. Mkazi anayekadiriwa kodi ya mauzo ya nyumba kwa faida aliyopata hutozwa asilimia 10 ya faida hiyo, na gharama za kuiboresha nyumba hupunguza faida zikiwa na ushahidi. Aliyenunua kwa milioni 60 na kuuza kwa milioni 110, akiwa na risiti za maboresho ya milioni 6, atahesabiwa faida ya milioni 44 badala ya 50, na kuokoa shilingi laki 6. Risiti ya mashine ya kielektroniki, basi, idaiwe tangu msumari wa kwanza. Fundi atakayesema bei ni nafuu bila risiti aulizwe nafuu hiyo ni ya nani. Ipo misamaha kwa nyumba ambayo muuzaji aliishi mwenyewe. Mhasibu aulizwe kabla ya mkataba kutiwa saini.

Kuhusu wakati, masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Paa likitengenezwa Februari, fundi ana nafasi na bei yake inazungumzika. Likiachwa hadi Aprili, mnunuzi atakuja siku ya mvua na kukuta ndoo sebuleni.