Ukifungua Piano, Tazama na Vibao

Ndugu mwandishi, umeandika kwamba maua yaliyochorwa kwa mkono na mistari ya dhahabu kwenye fremu ya chuma ndani ya piano za kale ni urithi wa Ulaya na Marekani, hayatuhusu sisi wa Handeni na Korogwe. Brashi ilishikwa huko, sibishi. Lakini hujatazama vibao vya kubonyeza.

Katika piano nyingi za karne ya 19, vibao vyeupe vilivikwa pembe ya ndovu, kila kimoja vipande viwili: kichwa mbele, mkia nyuma. Kitazame penye mwanga, utauona mshono mwembamba unaokikata. Pembe za piano nyingi za Marekani zilipasuliwa Deep River na Ivoryton, kule Connecticut, kisha zikaanikwa juani ndani ya nyumba za vioo hadi zikawa nyeupe. Nyingi zilinunuliwa Unguja, ambako Wamarekani walikuwa na mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said tangu 1833. Na njia mojawapo ya kuzifikisha pwani ilikuwa bonde la Pangani. Misafara ilipita Mazinde, hapa hapa Korogwe, ikamlipa mtawala wa hapo, Semboja, hongo, yaani ushuru wa kupita. Wapagazi walizibeba mabegani, na baadhi yao walikuwa watumwa.

Umemsikitikia mchoraji ambaye jina lake halikuandikwa, na ni haki yake. Mpagazi naye hakuandikwa, wala hukumpa hata sentensi moja. Makumbusho yenye piano hizo yaandike Pangani na Unguja pembeni ya jina la kiwanda.