Sifa Zinazoharibu Kazi

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii inajulikana na kila mtoto, lakini ni wachache wanaoikumbuka wanapoitwa kutazama kazi ya mwenzao. Siku hizi vijana wengi hujifunza kutunga programu za kompyuta na za simu. Kabla programu haijakamilika, mtungaji hufanya kielelezo cha kwanza: pengine ni michoro ya karatasi, pengine ni kurasa chache zenye vitufe ambavyo bado havifanyi kazi. Huwaita wenzake wakijaribu, kisha huuliza, "Mwaonaje?" Nao hujibu kwa pamoja, "Nzuri sana." Mimi nasema kuwa jibu hilo si adabu. Ni hiana iliyovaa nguo za adabu.

Kielelezo hakifanywi ili kisifiwe. Hufanywa ili makosa yaonekane mapema. Udongo uwahi ungali maji. Kitufe kilichochorwa kwa kalamu hufutwa kwa raba. Kitufe kilichokwisha kuingia katika simu za maelfu ya watu hakiondolewi ila kwa gharama na taabu. Anayenyamaza leo hamwokoi mtungaji na aibu, bali huilea aibu hiyo mpaka ikomae. Wala si mtungaji peke yake atakayeumia. Ataumia pia mama atakayebonyeza asipokusudia, akapeleka karo ya mwanawe kwa mtu asiyemjua.

Wako wanaojitetea wakisema, "Sisi si mafundi. Tutawezaje kumkosoa ajuaye?" Utetezi huu hauna nguvu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na fundi wa kitanda mara nyingi si mlalaji wake. Kampuni ya Apple ya Marekani, kabla ya kuuza kompyuta yake iitwayo Lisa mwaka 1983, iliwaita watu wasiozoea kompyuta waijaribu. Mahali fulani mashine ilitaka kibali cha kutimiza jambo, na kitufe cha kukubali kiliandikwa "Do It", yaani "lifanye". Wajaribu walisita, wakakikwepa. Hatimaye ilidhihirika kuwa mmoja wao alisoma "dolt", neno la Kiingereza lenye maana ya mpumbavu, akachukia kutukanwa na mashine. Maneno yale yakaondolewa, pakaandikwa "OK". Mafundi walikuwa wameyatazama siku nyingi bila ya kuona tusi, mgeni aliliona.

Hapa Kenya, M-Pesa ilijaribiwa kuanzia Oktoba 2005 kwa wateja wachache. Shabaha yake ilikuwa kuwarahisishia watu kulipa mikopo midogo. Wateja wale wakaitumia pia kupelekeana fedha wao kwa wao. Wasimamizi wangaliweza kuwakemea kuwa wamekosea njia. Badala yake walijifunza kwao, na Machi 2007 huduma ilipofunguliwa kwa umma, kupeleka fedha nyumbani ndiyo kazi iliyotangazwa mbele ya nyingine. Basi asiye fundi ana la kufundisha, hata kwa matendo yake tu.

Hata hivyo, ukweli si matusi. Kusema "mbaya" ni uvivu sawasawa na kusema "nzuri", kwa maana yote mawili hayamwonyeshi mtungaji pa kushika. Mkosoaji mwema hueleza alilotaka kufanya, alichobonyeza, alichotazamia, alichokipata, na mahali aliposita. Huikosoa kazi, wala hamdharau mfanyaji. Mtungaji naye ana wajibu wake: asikilize, wala asikimbilie kujitetea. Programu inayohitaji mtungaji wake asimame kando na kuieleza haijawa tayari, kwa sababu hatakuwako katika kila nyumba itakamotumiwa.

Kwa hiyo, msomaji, mwenzako wa darasani akikuonyesha kazi yake changa, usimpe sifa ili akupende. Ijaribu kwa mikono yako, kisha umwambie walau kosa moja ulilolikuta kweli. Huenda akanuna kwa siku moja. Lakini atakuwa na jambo la kutengeneza kesho, na watu ambao nyote wawili hamwajui wataepushwa na hasara.