Duka moja la pembejeo, milango minne ya vibali

Mwenye duka dogo la pembejeo huuza vitu vitatu: mbegu, mbolea na dawa za wadudu. Kwa vibali, hata hivyo, hugonga milango minne. Mbegu ziko chini ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI), mbolea chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA), na dawa chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyotokana na sheria ya mwaka 2020. Mlango wa nne ni halmashauri, ambako leseni ya biashara hudumu miezi 12 tu.

Udhibiti huo una sababu. Mbegu feki haijulikani kwa macho. Mkulima huigundua ikiwa tayari imo ardhini na msimu umeshapita. Kufuta vibali kungemwacha bila kinga.

Tatizo liko kwenye kuhuisha. Kila ofisi ina fomu zake, ada zake na ukaguzi wake. Katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, yenye msimu mmoja wa mvua, mwenye duka hujaza stoo kabla ya Novemba. Kibali kikiisha wakati huo, anachagua kati ya kufunga duka au kuuza akijificha. Vyovyote iwavyo, mkulima ndiye anayeumia: atasafiri mbali zaidi, atapanda akiwa amechelewa, au atanunua kwa mtu asiyekaguliwa. Ada ya kibali inaonekana kwenye risiti. Gharama hii haiandikwi popote.

Njia ya kupunguza mzigo ipo. Julai 2019 Serikali ilihamishia udhibiti wa chakula kwa Shirika la Viwango (TBS), ambalo tayari lilisimamia viwango, na msindikaji akapungukiwa na mlango mmoja. Kwa pembejeo, si lazima taasisi ziunganishwe. Inatosha ukaguzi ufanyike kwa pamoja, na vibali vyote viishe tarehe moja, mathalani Juni, miezi ambayo duka halina wateja wengi.

Wakati hilo likisubiriwa, mfanyabiashara aandike tarehe za vibali vyake vyote kwenye karatasi moja, aanze kuvihuisha baada ya mavuno, na ahakikishe mapema masuala yake ya kodi TRA yako sawa. Mkulima naye adai risiti. Bila risiti, hata kibali halali cha muuzaji hakitamsaidia mbegu zisipoota.