UKARABATI UPIMWE KWA MITA, SI KWA RANGI

Sensa ya Majengo ya mwaka 2022, iliyoambatana na Sensa ya Watu na Makazi, ilihesabu majengo zaidi ya milioni 14 nchini. Kazi hiyo yastahili pongezi. Lakini kujua idadi ya majengo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kujua kila mwaka mangapi yanakarabatiwa hata yakatumia umeme na kuni chache kuliko zamani.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wamelipima jambo hili. Mwaka 2020 walikiri kwamba ukarabati wa kupunguza nishati hufikia kiasi cha asilimia 1 tu ya majengo kwa mwaka, na ule wa kina, unaopunguza matumizi kwa asilimia 60 au zaidi, asilimia 0.2. Anayehesabu kila jengo lililoguswa na fundi hupata idadi ya kupendeza. Anayesoma mita hupata ukweli.

Hapa Kibeta hatuhitaji kufundishwa tofauti hiyo. Baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, lililoua watu 17 mkoani Kagera na kubomoa nyumba kwa maelfu, swali lilikuwa moja: kuta zimesimama? Haraka ile ilikuwa ya haki. Nani angeuliza habari za dari, upana wa madirisha au jiko la shule? Hata hivyo, kwa miaka mingi umeme wa Bukoba ulinunuliwa Uganda, na taa iliyowashwa mchana kwa sababu ya dirisha dogo ililipiwa ng'ambo ya mpaka.

Wala ndugu zetu wa Bumbire, Goziba na Ikuza wasidhani kwamba haya ni mambo ya mjini. Kisiwa hakina msitu wa jirani wa kuazima kuni.

Serikali imekwisha agiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Hapana budi basi kila jengo la umma linalokarabatiwa liandikiwe matumizi ya miezi 12 kabla na 12 baada, umeme kwa uniti, kuni kwa mzigo. Lisilopungua lisihesabiwe, hata likipakwa rangi mara tatu. Manispaa ya Bukoba na Halmashauri ya Muleba zaweza kuanza na ofisi zao wenyewe, ambazo ankara zake zimo makabatini.