Sukari Ipimwe Kazini, na Hapa Shuleni Pia

Kila asubuhi magari huwachukua watu wengi kutoka Dodoma mjini kwenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ambako ofisi za wizara zilifunguliwa mwezi wa Aprili 2019. Babu zao wengi walishinda shambani na jembe, wakala ugali wa uwele kwa mlenda. Wao hushinda kitini, na saa nne huletewa chapati na soda. Sisemi haya kwa kuwadharau, maana wengi wetu ni watoto wao, na nauli zetu za kuja shule hutoka katika mishahara yao. Nasema kwa ajili ya maradhi ya kisukari.

Mwaka 1989 Profesa McLarty na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji sita vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika hata mtu 1 katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa nchi wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta yapata 9 katika 100. Ni kweli kwamba chunguzi hizo hazikufanywa kwa njia moja, na ule wa kwanza ulikuwa wa vijijini tu. Lakini asiyeshtuka hapo sijui atashtushwa na nini.

Ubaya wa maradhi haya, hasa aina ya pili iwapatayo zaidi watu wazima, ni kwamba hayana haraka. Mtu aweza kukaa nayo miaka bila maumivu yoyote, huku yanamharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu. Jirani yetu mmoja, dereva wa lori, alijua habari yake siku kidonda cha mguuni kilipokataa kupona, akakatwa kidole. Tone moja la damu, asubuhi kabla hajala kitu, lingalimwonya mapema. Kipimo kikionyesha milimoli 7 kwa lita au zaidi, mtu hupelekwa hospitali akapimwe tena kwa uhakika. Na ambaye sukari yake ndiyo kwanza inapanda ana bahati zaidi: mwaka 2002 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba watu wa namna hiyo, wakipunguza uzito na kufanya mwendo wa dakika 150 kwa juma, hupunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58.

Sheria Na. 5 ya mwaka 2003, ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yamtaka mwajiri apimishe afya za wafanyakazi wake. Wako wasemao hayo yatosha, na anayetaka kujua sukari yake aende hospitali mwenyewe. Lakini asiyeumwa haendi! Kazini ndiko anakopatikana, basi kipimo cha sukari kimfuate huko.

Sharti moja nalitia mkazo. Majibu apewe mwenyewe na daktari, faraghani, na ofisi ipewe hesabu tu bila majina. Mtu akishuku kwamba karatasi yake itasomwa na mkubwa wake wakati wa kupandishwa cheo, hatakuja. Siku ya kupimwa utasikia nusu ya ofisi wamefiwa.

Tena wasipimwe makarani peke yao. Kuna vibarua wajengao majumba hayo, walinzi wa usiku na mama lishe wapikao hizo chapati. Hao hawamo katika orodha ya mtu yeyote, na wakiugua hawana mshahara wa kuwangoja nyumbani.

Shule yetu nayo ni mahali pa kazi. Walimu, wapishi na walinzi wetu hawakuumbwa kwa chuma. Siku ya Kisukari Duniani ni tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini mwaka 1921. Lakini mwezi huo sisi wa kidato cha nne huwa katika mitihani, na walimu wana kazi nyingi. Kwa hiyo naomba isingojewe. Mganga wa zahanati aalikwe siku ya wazazi, afike saa moja asubuhi kabla chai haijamiminwa, na wapishi wapimwe kwanza, wapate kurudi jikoni.