Gari la Umeme la Kifahari: Tununue au Tungoje?



 

Ndugu zetu Waislamu wa Kigali, tumeulizwa swali moja na watu wengi. Baba wa familia analiuliza, kijana aliyepata kazi yake ya kwanza analiuliza, mfanyabiashara naye analiuliza: je, inafaa kununua ile sedani ya kifahari inayotumia umeme? Wengine hawaulizi, wameshaamua. Hao husema: gari hili halina moshi, linalinda mazingira, serikali imelisamehe kodi, kwa hiyo kulinunua si israfu, bali ni jambo la thawabu. Na benki ipo tayari kukopesha.

Hapo ndipo tunapotofautiana nao. Msimamo wetu tunautoa mapema ili asije mtu akatuelewa vibaya. Gari la umeme ni neema na hatulipingi. Tunachokipinga ni familia kuweka nyumba rehani na kuingia katika riba kwa ajili ya gari la fahari, kisha ikajitetea kwa jina la mazingira. Riba haigeuki halali kwa sababu kilichonunuliwa kina betri.

FAIDA ZAKE TUNAZIKUBALI

Uadilifu unatutaka tuanze na hoja za wenzetu, kwani nyingi ni za kweli.

Kwanza, kodi. Mwezi Aprili 2021 Baraza la Mawaziri la Rwanda lilipitisha nafuu kubwa kwa magari ya umeme. Yaliondolewa ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, pamoja na vipuri vyake, betri na vifaa vya kuchajia. Vituo vya kuchajia vilipewa bei ya umeme ya viwandani. Nia ilikuwa njema: kupunguza moshi mjini na fedha za kigeni zinazokwenda kwenye mafuta, ambayo yote tunayaagiza kutoka nje.

Pili, milima yetu. Gari la umeme linapanda mlima bila taabu, na linapoteremka mota yake hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Mji kama Kigali, wa kupanda na kushuka na foleni za jioni, unalifaa sana. Halina oili ya injini ya kubadilisha, na breki zake hudumu.

Tatu, pumzi za watoto wetu. Anayesimama kando ya barabara ya Nyamirambo asubuhi na mtoto anayekwenda shule hahitaji kuelezwa madhara ya moshi. Kupunguza madhara kwa jirani ni katika dini yetu.

Nne, jambo hili si ngeni tena hapa. Mwaka 2019 Volkswagen, kwa kushirikiana na Siemens, walileta Kigali magari ya kwanza ya majaribio ya e-Golf. Mwaka huohuo Ampersand walianza biashara ya pikipiki za umeme ambazo dereva hubadilisha betri kituoni badala ya kungoja ichajiwe. Mwishoni mwa 2023 yalikuja mabasi ya umeme ya BasiGo, na mwaka 2024 CFAO walizindua hapa magari ya BYD ya kutoka China.

Yote haya tunayakubali. Lakini ndugu msomaji, tazama: hakuna hata hoja moja kati ya hizi nne inayohitaji gari liwe la kifahari. Gari dogo la umeme halina moshi. Pikipiki ya umeme haina moshi. Basi la umeme halina moshi, tena linabeba watu wengi. Anayechukua sifa za umeme akazitumia kuhalalisha viti vya ngozi na kioo cha kugusa kinachoenea dashibodi nzima, huyo anachanganya mambo mawili.

TUFANYE HESABU

Wapo wanaosema, "Gari litajilipa lenyewe kwa mafuta nitakayookoa." Tuipime kauli hii. Tutatumia bei za kukadiria, na kila mmoja aweke za kwake.

Tuseme sedani ni faranga milioni 60. Unatoa milioni 12 taslimu na benki inakukopesha milioni 48 kwa miaka 5. Riba za mikopo katika benki za Rwanda zimekuwa kwenye wastani wa takriban asilimia 16 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho utalipa karibu faranga 1,167,000 kila mwezi. Baada ya miezi 60 utakuwa umeirudishia benki takriban milioni 70. Riba peke yake ni milioni 22.

Sasa mafuta. Tuseme unaendesha kilomita 1,500 kwa mwezi. Gari la petroli linalokula lita 8 kwa kilomita 100 litatumia lita 120. Kwa faranga 1,900 kwa lita, ni 228,000. Gari la umeme, ukijumlisha na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, litatumia kama uniti 300. Kwa faranga 400 kwa uniti, ni 120,000. Umeokoa 108,000 kwa mwezi, yaani kama milioni 6 na nusu kwa miaka 5.

Umeokoa milioni 6 na nusu za mafuta, ukatoa milioni 22 za riba. Gari limejilipa wapi?

Tena hatujataja bima kubwa inayofuata bei ya gari, wala umeme ambao bei yake ilipandishwa Oktoba 2025, wala chaja ya kufunga nyumbani.

RIBA NI RIBA

Katika jambo hili hatuna haja ya maneno mengi. Uharamu wa riba umo mwishoni mwa Suratul Baqarah, kwa makemeo ambayo kila mwanafunzi wa madrasa ameyasoma. Anayekula riba na anayeilisha wote wamo. Baadhi ya ndugu husema, "Ni dharura." Dharura ni mgonjwa asiye na dawa au familia isiyo na chakula. Sedani ya milioni 60 haijawahi kuwa dharura ya mtu yeyote.

Na tusidanganyane kwa majina. Murabaha ya kweli ni kwamba benki inanunua gari kwanza, inalimiliki, inabeba hatari yake, kisha inakuuzia kwa bei moja inayojulikana isiyoongezeka ukichelewa. Wenzetu wa Kenya wana Gulf African Bank tangu 2008, wa Tanzania wana Amana Bank tangu 2011, na Uganda ilitoa leseni ya benki yake ya kwanza ya Kiislamu mwaka 2023. Hapa Kigali anayetaka njia ya halali anaweza pia kukubaliana na muuzaji mwenyewe alipe kwa awamu, bei ikiwa moja na imeandikwa. Lakini karatasi ya mkopo wa kawaida iliyobadilishwa kichwa cha habari tu haibadilishi hukumu.

Subira, kwa upande wake, ina hesabu nzuri. Yule mwenye milioni 12 na uwezo wa kutoa 1,167,000 kila mwezi, akiziweka akiba badala ya kuipa benki, atafikisha milioni 60 kwa miaka mitatu na nusu. Akitoa zaka ya asilimia 2.5 kila mwaka kama inavyompasa, ataongeza miezi mitatu hivi. Bado hajafika miaka 5, na gari ni lake, nyumba ni yake, na hana deni.

Watasema: faranga inashuka, bei itapanda. Ni kweli faranga imeshuka. Dola iliyokuwa kama faranga 1,000 mwishoni mwa 2021 ilivuka 1,400 mwaka 2025. Lakini sehemu ya ghali zaidi ya gari hili ni betri, na bei ya betri duniani imekuwa ikishuka. Mwaka 2010 ilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa uniti moja ya ujazo, na mwaka 2024 ilikuwa takriban dola 115. Katika bidhaa kama hii anayengoja mara nyingi hapati hasara, bali hupata gari bora zaidi kwa bei ndogo.

GARI LA FAHARI HUZEEKA HARAKA

Kuna jambo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Magari ya umeme, hasa ya bei kubwa, hupoteza thamani haraka. Januari 2024 kampuni ya Hertz ya Marekani, inayokodisha magari, ilitangaza kuuza magari ya umeme karibu 20,000 kwa sababu ya gharama za matengenezo na bei kushuka. Mwezi Juni 2024 Fisker ilifilisika, na waliokuwa wamenunua magari yake wakabaki wakihangaikia programu na vipuri. Hata e-Golf iliyoletwa Kigali kwa majaribio mwaka 2019 iliacha kutengenezwa mwishoni mwa 2020.

Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya betri ya miaka 8. Ni vizuri, lakini uliza: dhamana hiyo inatumika Rwanda, au kule gari lilikotoka tu? Gari lililoagizwa na mtu binafsi kutoka Dubai au Ulaya huenda lisiwe na wa kulishughulikia hapa. Mafundi wetu wa Gatsata ni hodari wa injini, lakini betri ya volti 400 inataka mafunzo na vifaa maalumu, na kosa moja linaua.

NDUGU ZETU WA KOLWEZI

Zaidi ya sehemu mbili kwa tatu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, sehemu kubwa ikiwa katika mikoa ya Lualaba na Katanga ya Juu. Watu wa Kolwezi na Likasi wanazungumza Kiswahili hikihiki tunachoandikia. Mwaka 2016 Amnesty International pamoja na Afrewatch walitoa ripoti iliyoonesha watoto wakifanya kazi katika machimbo ya mikono. Basi anayejisifu kwamba gari lake ni safi, na aulize usafi huo unaanzia wapi.

Na hapa hatuzuii, tunaelekeza. Zipo betri za chuma na fosfati ambazo hazina kobalti kabisa, na zinapatikana hata katika magari ya bei nafuu zaidi. BYD hutumia aina hiyo. Muulize muuzaji gari lake lina betri ya aina gani. Asipojua, usiwe na haraka ya kutoa fedha.

NANI ANUNUE?

Hatusemi kila mwenye gari zuri ni mfujaji. Allah amemruzuku anayemtaka, na athari ya neema kuonekana kwa mja si kosa. Lakini kabla hujatia saini, jiulize haya:

1. Je, fedha ni taslimu, au ni awamu zisizo na riba?

2. Je, umeshahiji? Gari unalolihitaji halikufungi kwa Hija, lakini mwenye ziada ya milioni 60 mkononi atasemaje kwamba hana uwezo?

3. Je, zaka umeitoa? Gari la kutumia halina zaka, lakini fedha ulizoziweka kwa ajili yake zina zaka zikifikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na kupitiwa na mwaka.

4. Je, karo za watoto na haki za wazazi zimetimizwa? Mama watoto ameshauriwa, au ataona gari limeegeshwa uani?

5. Je, gari la nusu ya bei lisingekufikisha kulekule?

Ukijibu vizuri yote matano, nunua, na Allah akubariki. Ukikwama katika la kwanza tu, acha.

Na nyinyi wanafunzi na vijana, msiwape wazazi wenu haya kwa gari walilonalo. Thamani ya mtu haimo katika namba ya gari lake. Mtaa wetu wa Biryogo ulifungiwa magari mwaka 2021, na watu wakaweka meza barabarani wakanywa chai yao, tajiri na fukara pamoja, wala hakuna aliyejua nani kaja na gari gani. Kama ni umeme mnautaka, upo karibu. Tangu mwaka 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ni za umeme. Ndugu wawili watatu wenye mtaji wakishirikiana na kijana mwaminifu, kwa mkataba wa kugawana faida na hasara, watapunguza moshi na kutoa ajira kwa fedha ambazo hazifiki hata robo ya sedani moja.

Suratul Israa imekemea ubadhirifu kwa maneno makali, na haikubagua ubadhirifu wa petroli na wa umeme. Tunawaomba maimamu wetu walizungumze jambo hili, na akina baba wafanye hesabu hizi mezani pamoja na familia zao kabla ya kwenda benki.

Tunamuomba Allah atutosheleze kwa halali Yake mbali na haramu Yake, na atujaalie kukinai. Amin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.