Waliicheka Airflow, Leo Tumo Ndani Yake

Msomaji wa ukurasa huu amezoea kunikuta nikizozana na watu juu ya mashairi, kwa hivyo asishangae leo akinikuta ndani ya gari. Wala sikutoka nje ya uwanja wangu, kama atakavyoona mwishoni. Nataka kusimulia kisa cha gari moja la Kimarekani lililotolewa mwaka wa 1934, likachekwa hata likafa, kisha ulimwengu ukalifuata bila ya kulitaja jina. Gari hilo ni Airflow, na walioliunda ni kampuni ya Chrysler.

Kwanza tuanzie kwetu. Yeyote aliyepata kusafiri kwa basi kuukuu kutoka Mombasa kwenda Malindi, akaangukiwa na kiti kilicho juu ya gurudumu la nyuma, anaijua adhabu yake. Aliyekaa katikati analala usingizi. Huyu wa nyuma anarushwa mpaka kichwa kinagonga bati. Basi na ajue kwamba kabla ya Airflow, hivyo ndivyo walivyokaa hata matajiri wa Marekani ndani ya magari yao ya fahari. Injini iliwekwa nyuma ya ekseli ya mbele, ikala nafasi kubwa, na abiria wa nyuma wakasukumwa mpaka juu ya ekseli ya nyuma. Walikalia mito minono, lakini mto haushindi shimo.

Mafundi watatu wa Chrysler, Carl Breer, Fred Zeder na Owen Skelton, waliliona kosa hilo. Waliisogeza injini mbele mpaka juu ya ekseli, na kwa nafasi iliyopatikana wakawaleta abiria wote katikati, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Jambo lenyewe ni jepesi kulieleza, lakini miaka yote ile hakuna kampuni kubwa ya Marekani iliyolifanya kwa magari ya kuuzwa kwa maelfu.

La pili lilikuwa upepo. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1927 Breer alikuwa njiani akaona juu kundi alilodhani ni la mabata bukini. Lilipokaribia akatambua kuwa ni ndege za jeshi. Akajiuliza: kama ndege huundwa kwa kuufikiria upepo, kwa nini gari lisiundwe hivyo? Sisi watu wa pwani swali hilo tulijibiwa na wazee wetu zamani. Fundi wa jahazi hajengi omo bapa kama ukuta, kwani anajua bahari itamsuta. Lakini magari ya siku zile yalisimama wima kama kabati, taa zimechomoza kando, kioo cha mbele kimesimama kama mlango, na upepo ukipigana nayo njia nzima.

Chrysler wakajenga chumba kirefu cha kupulizia upepo kwa feni kubwa, na katika kazi hiyo wakapata shauri la Orville Wright, mmoja wa wale ndugu wawili walioruka kwa ndege ya injini mwaka wa 1903. Wakaweka humo vigari vidogo vya mfano, wakapima. Walichokiona kinachekesha: magari mengi ya wakati ule yaliupasua upepo vizuri zaidi yakienda kinyumenyume kuliko yakienda mbele! Yaani miaka yote hiyo watu walikuwa wakisafiri tezi mbele, omo nyuma, wala hawana habari. Ili kuwathibitishia watu, walilitengeneza gari moja likawa linaendeshwa mgongo mbele katika barabara za Detroit.

La tatu lilikuwa mifupa ya gari. Magari mengi ya zamani yalikuwa na bodi ya mbao iliyovishwa bati, ikakalishwa juu ya fremu ya chuma. Airflow iliundwa kwa vyuma vilivyoshikamana pande zote kama mataruma ya jahazi, na bodi ikalehemiwa humo humo, hata bodi na fremu zikabeba mzigo pamoja. Ili watu waamini, gari moja tupu lilisukumwa kutoka juu ya genge refu huko Pennsylvania mbele ya kamera ya sinema. Likabingirika mpaka chini, kisha likaendeshwa likaondoka. Na katika ile aina kubwa kabisa, Imperial, kiliwekwa kioo cha mbele kimoja kizima kilichopinda, cha kwanza katika magari ya kiwanda ya Marekani.

Sasa ndugu msomaji utauliza: gari lenye sifa zote hizi lilikufaje?

Lilikufa kwa sura yake. Boneti ilikuwa ya mviringo, imeinamia chini, na taa zimezama ndani ya bodi. Macho ya watu yalizoea pua ndefu iliyosimama, ndiyo alama ya ukubwa na heshima. Walipoliona kwenye maonyesho ya New York, Januari 1934, wengi walishangilia na wengine wakaagiza. Lakini kiwanda kilichelewa, kwani kazi yenyewe ilikuwa ngeni, na magari ya mwanzo yaliyotoka yalikuwa na kasoro. Hapo wasemaji wakapata la kusema. Tusisahau kwamba miaka ile Wamarekani walikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi, na mwenye shilingi yake ya mwisho habahatishi. Wateja wakaipita Airflow, wakanunua gari la sura ya zamani lililouzwa na Chrysler hao hao. Mwaka wa 1935 kampuni ikaongeza mengine ya sura iliyozoeleka, na mwaka wa 1937 Airflow ya mwisho ikatoka kiwandani. Kwa miaka yote minne, pamoja na zile zilizouzwa kwa jina la DeSoto, hazikufika 60,000.

Wapo watakaosema kwamba mnunuzi ndiye hakimu, na akishahukumu kesi imekwisha. Mimi sikubali. Mnunuzi anajua kinachompendeza leo. Hilo silo sawa na kujua kilicho bora. Tazama yaliyofuata. Mwaka wa 1936 Ford walitoa Lincoln-Zephyr, nayo pia ni gari la kukata upepo, lakini wakalipa pua iliyochongoka ikapendeza macho, na watu wakalipokea. Mwaka huo huo, huko Japani, Kiichiro Toyoda, mtoto wa yule bwana aliyebuni mashine za kufuma nguo, alitoa gari lake la kwanza la abiria, Toyota AA, na sura yake ilifuata hiyo hiyo Airflow iliyochekwa. Leo ukipanda Probox kwenda shamba, injini iko mbele, bodi ni chuma kilicholehemiwa kikawa kitu kimoja, na umekaa baina ya magurudumu. Ukiwaondoa, bila shaka, wale waliopakiwa kwenye buti. Wazee walisema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Dunia ilizunguka kote, ikarejea pale pale ilipopakimbia.

Hata hivyo sitawaachia mafundi wale bila ya lawama. Zephyr inaonyesha kwamba jipya halilazimiki kuudhi macho. Walijali upepo, walijali chuma, walijali mgongo wa abiria, wakalisahau jicho la mtu aliyesimama barabarani, na jicho nalo lina haki yake. Wakaharakisha maonyesho kabla kazi haijaiva. Mwenye kuleta jambo geni hana ruhusa ya kulileta na kasoro, kwani kosa ambalo kwa mwingine litasamehewa, kwake yeye litakuwa ushahidi.

Lakini lawama kubwa naiweka kwa waliocheka, na hapa sitajificha, kwani mimi ni mmoja wao. Si kwa gari. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniletea shairi lisilokuwa na vina wala mizani. Mimi nilifunzwa tangu udogo, chuoni kwa maalimu, kuisikia sauti ya neno kabla sijajua maana yake. Kwangu shairi bila ya vina lilikuwa kama adhana iliyonong'onwa. Nikaitazama karatasi, nikaona mistari mirefu na mifupi imepangwa ovyo, nikacheka mbele yake. Sikulisoma likaisha. Alikunja karatasi yake, akaniaga kwa adabu, akaenda zake.

Sisemi kwamba shairi lile lilikuwa jema. Silijui, na kutolijua kwangu ndiko kunakoniuma. Ningali naamini kwamba vina na mizani ndiyo roho ya ushairi wetu, na atakaye kubishana nami juu ya hilo ajue bado nipo. Lakini mafundi wale watatu hawakubishana na wima wa magari ya wenzao kwa maneno. Waliyatia katika upepo, wakapima. Mimi sikulitia shairi lile katika upepo wowote. Nilitazama boneti tu.

Kama yule kijana yungali akisoma ukurasa huu, na ailete tena karatasi yake. Safari hii nitaisoma mpaka mwisho, kisha ndipo tugombane.